Kwa nini imeli ya biashara yako inaishia kwenye spamu?

Kuna dada anauza dagaa na mawese pale Kibirizi, Kigoma, anafungasha vizuri kwenye pakiti zenye lebo na wateja wake wengi wako Dar, Dodoma na wengine nje ya nchi. Juzi kaniletea laptop kanuna. "Kaka, nimetuma imeli kwa watu mia nane, wamejibu wawili, na mmoja ananiuliza eti umenitoa wapi!"

Nikamuuliza, hizo anwani mia nane umezipata wapi? Akawa anazunguka zunguka weee, mwisho akasema wateja wake wa kweli ni kama sitini hivi, wengine wote kanunua kwenye fleshi ya kijana mmoja anayeuza maimeli kwa jumla. Hapo ndo mchawi alipo.

Watu wengi wanaamini imeli inatupwa spamu, yaani lile folda la imeli zisizotakiwa, kwa sababu umeandika BURE au OFA KUBWA kwa herufi kubwa. Kidogo ni kweli, ila sa hivi Gmail na wenzake wanaangalia zaidi we ni nani na watu wanakufanyia nini. Wakifungua wakakujibu, unapanda, wakifuta bila kusoma unashuka, na wakibonyeza kile kitufe cha kuripoti spamu ndo unashuka kwelikweli. Google inataka wanaoripoti wasifike asilimia 0.3, yaani watatu kwenye kila elfu moja. Sasa piga hesabu kwa yule dada, watu 800 na wengi wao hawamjui, wakimripoti watatu tu keshavuka. Na ubaya ni kwamba sifa ikishaharibika hata wale sitini waliokuwa wanampenda hawamuoni tena, imeli anazowatumia nazo zinaenda spamu.

Afu kwenye orodha za kununua kuna anwani zilizokufa, ukituma zinarudi, na kuna nyingine ni mtego kabisa. Hazina mwenyewe, zimewekwa makusudi ili kunasa wanaotumia orodha za kuokota, kwa hiyo ukituma huko umejishtaki mwenyewe. Bado sijagusa sheria, maana tangu Mei 2023 Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na taarifa za watu si karanga za kupimiana kwenye kopo.

Mambo haya si mapya lakini. Tarehe 3 Mei 1978 bwana mmoja Mmarekani, Gary Thuerk wa kampuni ya kompyuta ya DEC, alituma tangazo kwa watu kama 400 kwenye ARPANET, mtandao uliokuja kuzaa intaneti. Hawakumuomba, wakamjia juu. Yaani tabia ya binadamu ni ileile, hapendi kubishiwa hodi na asiyemjua.

Jambo la pili ni utambulisho. Dada alikuwa anatumia anwani yake ya gmail ya kawaida kupitia programu ya kutuma kwa wengi, sasa Gmail ikiona ujumbe unajiita wa gmail ila umetoka kwa seva nyingine, yaani kompyuta ya kutuma imeli isiyo ya Gmail, lazima ishtuke. Dawa ni kuwa na domeni yako, yaani jina lako mwenyewe la mtandaoni, hata la .co.tz, afu uweke vitu vitatu: SPF, DKIM na DMARC. Majina yanatisha ila fikiria unapakia viroba kwenda Dar. SPF ni orodha ya magari uliyoyaruhusu kubeba mzigo wako, DKIM ni lakiri inayoonyesha kiroba hakijafunguliwa njiani, na DMARC ni maagizo kwa wa getini, mzigo ukija bila hivyo uzuiwe au upite. Tangu Februari 2024 anayetuma zaidi ya 5,000 kwa siku kwenda Gmail lazima awe navyo vyote, pamoja na njia ya mtu kujitoa kwa klik moja. Mdogo halazimishwi vyote ila mi nakushauri weka, maana asiyeona kitufe cha kujitoa anabonyeza cha spamu.

Sasa utamu wenyewe uko kwenye nini utume na lini, na hapa Kigoma ziwa lenyewe limeshatupa kalenda. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wanapumzika. Yeye alikuwa anatuma kila siku "Ndugu mteja karibu dagaa bora", hata siku ambazo hana hata kisado! Nikamwambia tuma giza likianza, useme mzigo unatoka lini, kilo ngapi, bei gani, basi. Kichwa cha habari kiwe "Dagaa wa giza hili wamekauka, nina kilo 200", huyo mwenye hoteli Dodoma ataacha kufungua? Na hoteli usiwachanganye na wa nje, hoteli wanataka kilo nyingi, aliye nje anataka pakiti nne na mawese chupa moja.

Tangazo la picha peke yake bila maandishi nalo aache, maana picha isipofunguka mteja anaona ukurasa mweupe. Na asihangaike sana na idadi ya waliofungua, maana inahesabiwa kwa kapicha kadogo kaliofichwa ndani ya imeli kakipakuliwa, na tangu 2021 simu za Apple zinaweza kupakua picha zenyewe hata kama mwenye simu hajasoma, kwa hiyo namba inadanganya. Ahesabu majibu na oda.

Tumefuta yale ya kwenye fleshi yote, wamebaki hamsini na nane, roho ilimuuma kweli kama vile anamwaga dagaa ziwani. Sa hivi ni mbalamwezi, kwa hiyo hatumi kitu.