Mlinganyo wenye sehemu: namna ya kuziondoa asili

Mlinganyo ni sentensi ya hisabati inayosema pande mbili ni sawa, huku namba moja ikiwa haijulikani. Sehemu zikiingia humo, wengi huanza kuhangaika na asili, zile namba za chini. Hakuna haja. Pande zilizo sawa, ukizizidisha zote kwa namba ileile, zinabaki sawa. Basi chagua namba itakayofuta asili zote kwa mpigo mmoja. Namba hiyo ni Kigawe Kidogo cha Shirika, KDS, yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa kila asili bila baki.

Tuseme mama mmoja wa Kibosho ameshuka Moshi mjini na mikungu ya ndizi. Theluthi kauza Mbuyuni, robo kauza Kiboriloni, imebaki mikungu 10. Alishuka na mingapi? Iwe x:

x/3 + x/4 + 10 = x

KDS ya 3 na 4 ni 12. Zidisha kila kitu kwa 12, hata hiyo 10. Ndiyo husahaulika, kwa vile haina asili:

4x + 3x + 120 = 12x
120 = 5x
x = 24

Hakiki: 8 Mbuyuni, 6 Kiboriloni, 10 iliyobaki. Inatimia 24.

Ila angalia swali likisema "rahisisha x/3 + x/4". Huo si mlinganyo, hauna upande wa pili, kwa hiyo huna ruhusa ya kufuta asili, yaani 12. Jibu ni 7x/12. Ukiandika 7x, mama huyo atakuwa kauza mikungu 168 badala ya 14!

Mtego mkubwa kuliko yote ni alama ya kutoa:

x/2 − (x − 3)/5 = 3

Kwa KDS 10 tunapata 5x − 2(x − 3) = 30. Kutoa kunagusa vyote vilivyo ndani ya mabano, hivyo −3 inageuka +6:

5x − 2x + 6 = 30
x = 8

Anayeandika −6 hupata 12. Airudishe kwenye swali: upande wa kushoto unatoa 4.2, si 3. Kuhakiki huko hakumalizi hata dakika, na mimi jibu lisilohakikiwa siliamini.

Na x ikikaa chini, kama 12/x + 1 = 4, zidisha kwa x: 12 + x = 4x, x = 4. Hapo x haiwezi kuwa 0, kwani hakuna kugawanya kwa 0.