Nzito kwa Mkono, Nyepesi kwa Akili

Kila muhula unapoanza, simu yangu hujaa picha za madaftari. Wazazi hunitumia kazi za kuandika walizopewa watoto wao, na chini ya picha swali huwa lile lile: Mwalimu, hii si ngumu mno kwa mtoto wa umri huu? Kazi yangu ni kuwapima watoto wa chekechea na wa Gredi ya 1 hadi ya 3 ambao shule zinasema hawataki kuandika, kisha kukaa na walimu wao tutafute njia. Nimeona madaftari ya shule zenye mabasi ya manjano na ya zile za mabati kule Mukuru, hapa Nairobi, na jibu langu kwa pande zote mbili ni moja. Ndiyo, kazi ni ngumu, ila ugumu umewekwa pasipofaa. Kazi hizi zinauchosha mkono na kuiacha akili imekaa bure.

Tuanze na PP2, mwaka wa pili wa chekechea. Mtoto ana miaka mitano. Amefika nyumbani jioni baada ya kuzungushwa na basi Embakasi nzima, na kwenye diari imeandikwa: nakili ba, be, bi, bo, bu, ukurasa mmoja. Mkono unaopewa kazi hiyo bado unajengeka. Mtu mzima ana vijifupa vinane katika kifundo cha mkono. Mtoto huzaliwa navyo vikiwa gegedu, kisha hugeuka mfupa kimoja kimoja, na cha mwisho hukawia hadi miaka minane au zaidi. Sisemi mifupa ndiyo inayomzuia kuandika. Kipimo ninachokiamini zaidi ni maumbo. Watoto wengi huweza kunakili mviringo wakiwa na miaka mitatu hivi, msalaba wakiwa na minne, mraba baada ya hapo, na pembetatu karibu na mitano. Mistari ya mshazari ndiyo huchelewa. Sasa angalia k, w, y na z, herufi zilizojaa mshazari, kisha angalia Kiswahili kinavyozipenda: kuku, wewe, yeye, zizi. Mtoto ambaye bado hawezi kuchora pembetatu hana sababu ya kujaza ukurasa wa k. Mpe mkasi, mpe unga wa kukanda, mpe chaki na sakafu. Akiipata pembetatu, k itafuata bila vita.

Kwa nini basi kurasa hizo? Sababu haitoki kwenye mtaala. Mtaala wa Umilisi (CBC), ulioanza kutumika kote nchini Kenya Januari 2019, uliipa miaka miwili ya chekechea shughuli nyingi za kucheza, kuchora na kuzungumza. Kinachosukuma kurasa ni usaili wa kuingia Gredi ya 1 katika shule nyingi za kibinafsi za jiji hili, na mzazi anayelipa karo akitaka kuona daftari limejaa. Chekechea inayoleta daftari tupu nyumbani hupoteza wateja. Hilo ni jambo la biashara, na walimu wanalijua vizuri kuliko mimi.

Katika Gredi ya 1 na ya 2 mzigo huhamia kwenye tahajia, na hapa Kiswahili kina neema yake. Irabu ni tano na kila moja ina sauti moja. Mtoto anayejua silabi zake anaweza kuandika karibu neno lolote analolisikia, jambo ambalo mwenzake anayejifunza Kiingereza husubiri kwa miaka. Lakini mtoto wetu wa Nairobi mara nyingi amefundishwa kwanza majina ya herufi kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza jina la herufi E husikika kama irabu yetu i. Mwambie aandike "kiti", ataandika "kete". Mwambie "siku", ataandika "seku". Anaambiwa ni mzembe, ilhali ametumia alichofundishwa kwa uaminifu mkubwa.

Makosa mengine yana akili vilevile. "Nilienda" inakuwa "nilieda", "kamba" inakuwa "kaba". Sauti ya n au m iliyobanwa kabla ya konsonanti ni fupi mno, na sikio la mtoto huiunganisha na inayofuata. Mwaka 1971 mwanaisimu Charles Read alionyesha kwamba watoto wa Kimarekani waliojibunia tahajia kabla ya kwenda shule walikuwa wakiiacha n hiyo hiyo. Halafu kuna wale wanaoandika "ana kuja" na "ali ni pigia". Kalamu nyekundu huwashukia bila huruma, nami huwa nafurahi kimoyomoyo: huyu amekwisha kusikia kwamba "ali", "ni" na "pigia" ni vipande vyenye kazi tofauti. Anayeweza kulichana neno namna hiyo ana sikio la sarufi. Kuviunganisha atafundishwa kwa wiki chache.

Hata kabla ya hapo kuna hatua ambayo wazazi wengi huiona kama michoro ya ovyo. Watafiti Emilia Ferreiro na Ana Teberosky waliwachunguza watoto wa Buenos Aires, na mwaka 1979 wakaeleza jinsi mtoto anavyofikia wazo kwamba kila silabi inahitaji herufi moja. Kihispania, kama Kiswahili, kina silabi zilizo wazi na irabu zinazosikika, kwa hiyo mara nyingi mtoto huandika irabu pekee. Nimeliona Nairobi pia: mtoto anaandika AAI, kisha anakusomea "samaki" huku akigusa kila herufi kwa kidole. Kumpa mtoto huyo imla ya maneno kumi na kumrudishia sufuri ni kumwadhibu kwa ugunduzi.

Gredi ya 3 ndipo insha inapoingia, na ndipo picha za wazazi huongezeka. Andika insha kuhusu safari uliyofanya. Mada yenyewe haina ubaya. Shida ni kwamba mtoto anatakiwa aunde herufi, akumbuke tahajia, apange matukio na aweke nukta, vyote kwa pamoja, kama mwanagenzi wa bodaboda anayefundishwa kuendesha akiwa tayari amepakia trei za mayai. Akikwama kwenye "tuliposhuka", sentensi iliyokuwa kichwani inayeyuka. Kinachobaki kwenye ukurasa ni maneno aliyo na hakika nayo: mama, baba, nzuri, napenda.

Kisha kuna suala la idadi ya maneno. Shule nyingi huazima kiwango cha insha ya Kiingereza na kukibandika kwenye ya Kiswahili. "Hawatanipikia" ni neno moja; Kiingereza hulisambaza katika maneno sita. Mtoto anayeandika maneno hamsini ya Kiswahili ameandika mengi kuliko aliyeandika hamsini ya Kiingereza. Upande wa kusoma serikali ililitambua hilo: vigezo vya usomaji vilivyotumika katika mpango wa Tusome vilitaka maneno 65 kwa dakika kwa Kiingereza na 45 kwa Kiswahili. Upande wa kuandika, sijaona shule ikifanya hesabu hiyo.

Sasa nigeukie nusu ya pili ya jibu langu, ile inayowashangaza wazazi: kwa upande wa fikira, kazi hizi ni rahisi mno. Mvulana mmoja wa Gredi ya 2 anayeishi Pipeline aliniletea sentensi zake. Hii ni nyumba yetu. Nyumba yetu ni nzuri. Ninapenda nyumba yetu. Alikuwa ametoa jasho kuziandika. Nikafunga daftari, nikamwuliza maji hufikaje kwao ghorofa ya sita. Akaanza. Kuna pampu, na pampu ina wenyewe, yaani mlinzi na mkewe. Stima ikipotea pampu inalala, na hapo mitungi inapanda ngazi. Mitungi ya mama yake imefungwa utepe mwekundu kwa sababu jirani wa ghorofa ya nne hujisahau na kubeba ya wengine. Jumapili maji huwa mengi lakini wafuaji pia ni wengi, kwa hiyo ni afadhali kufua Jumanne. Alikuwa na sababu, matokeo, ulinganisho, hata kejeli kidogo kwa huyo jirani. Hakuna hata chembe ya hayo iliyokuwa kwenye daftari, na hakuna swali lolote katika kazi yake ya nyumbani lililokuwa limemtaka ayafikirie. Alikuwa ameulizwa kuhusu nyumba nzuri. Wiki iliyofuata, nadhani, wangeulizwa kuhusu ng'ombe wetu.

Siwalaumu walimu sana. Mwalimu mwenye watoto sitini hawezi kusoma masimulizi sitini ya pampu na mitungi kabla ya kengele. Kunakili na kujaza mapengo husahihishwa kwa alama za haraka, na mkaguzi akija ushahidi upo. Nawalaumu kidogo wazazi wanaoandika kwa mkono wa kushoto ili hati ifanane na ya mtoto. Mnajijua. Mwalimu naye anajua.

Ninachowashauri wazazi ni kuzitenganisha kazi hizo: fikira, mwandiko na tahajia. Siku ya fikira, mtoto aseme nawe uandike, kwa maneno yake, Sheng' ikiwemo, usimrekebishe. Msomee ulichoandika, kisha achague sentensi moja tu aipendayo, aiandike mwenyewe kwa hati safi. Siku ya mwandiko, mpe sentensi rahisi asiyohitaji kuibuni. Siku ya tahajia, chagua kosa moja, labda ile n ya "nilienda", uyaache mengine yapite. Pima muda, usipime kurasa: dakika kumi kwa wa Gredi ya 1 zinatosha. Muda ukiisha, piga mstari alipofika na uandike kwenye diari: "Mwalimu, ameandika dakika kumi kwa bidii, akafika hapa." Walimu wengi ninaofanya nao kazi huupokea ujumbe huo vizuri, maana unawaambia kitu ambacho ukurasa uliojazwa kwa machozi hauwezi kuwaambia.

Kuchanganya b na d kabla ya miaka saba kusikukoseshe usingizi. Lakini mtoto wa Gredi ya 3 ambaye bado anazichanganya, anayesimulia vizuri na kuandika kwa taabu kubwa, au anayeikaribia karatasi hadi pua iiguse, apimwe macho na masikio kwanza. Kisha apelekwe kwenye kituo cha tathmini ya kielimu kilicho karibu nawe. Hapa Nairobi, Taasisi ya Elimu Maalum, KISE, iko Kasarani na hufanya tathmini hizo. Nenda na daftari lake lenye makosa yote yakiwa yamebaki kama alivyoyaandika, lisiwe limefutwafutwa, kwa sababu hayo makosa ndiyo mtathmini atakayoanza kuyasoma.