Magari yasipokuja, nani analipa?

Msibani, kwa kinyozi, hata kwenye foleni ya benki, mtu akishajua kuwa kazi yangu ni ya barabara hunibana kwa swali lilelile: hizi barabara za kulipia, kwa nini serikali isijenge na kuziendesha yenyewe? Kwa nini apewe mwekezaji? Zamani nilikuwa nikimwaga hotuba. Siku hizi namrudishia swali jingine: magari yasipokuja, nani analipa?

Naliuliza kwa sababu kukadiria magari ndiko kunakonilisha. Benki haitoi mkopo wa barabara ya tozo mpaka mtu aandike kwa kalamu yake kwamba mwaka wa kwanza yatapita magari kadhaa kwa siku, mwaka wa kumi kadhaa, wa ishirini na tano kadhaa. Tunaweka vijana kando ya barabara kwa wiki nzima, usiku na mchana, wakiwa na fomu: gari dogo, hiace, basi, lori la ekseli mbili, semi. Kisha, tukiwa na askari wa usalama barabarani, tunasimamisha madereva na kuwauliza wangekuwa tayari kulipa kiasi gani ili waokoe nusu saa. Dereva akiulizwa hivyo mbele ya trafiki hutoa jibu analodhani trafiki atalipenda. Nimejifunza kulipunguza jibu hilo kabla sijaliingiza kwenye hesabu.

Makosa ya fani yetu yana upande. Hayayumbi huku na huku, mara tumezidisha mara tumepunguza. Kwa kawaida tunazidisha. Robert Bain, mtaalamu wa makadirio ya magari aliyepitia zaidi ya barabara 100 za tozo zilizojengwa kwa fedha binafsi katika nchi mbalimbali, alikuta makadirio yamezidi magari yaliyokuja kwa wastani wa asilimia 20 hadi 30. Sikushangaa. Nimewahi kuandika ripoti ambayo mteja aliirudisha mara tatu, kila mara na maneno matatu tu: "Angalieni tena ukuaji." Hakuna aliyeniambia nidanganye. Nilisogeza ukuaji wa uchumi nukta hapa, nikaongeza bei ya muda wa abiria pale, na kila nilichogusa kilikuwa ndani ya mipaka inayokubalika. Mara ya nne ripoti ilipita. Mpaka leo nikiifungua najua kwamba nambari ya kwanza ndiyo niliyoiamini.

Sasa turudi kwenye umiliki. Kisheria, barabara hizi nyingi ni za serikali, hata zile tunazoziita za binafsi. Ardhi ni ya umma, na mkataba ukiisha kila kitu kinarudi. Mwekezaji hupewa haki ya kukusanya tozo kwa miaka iliyotajwa, basi. Kwa hiyo ukitaka kumjua mwenye barabara, hati ya kiwanja haitakusaidia. Tafuta kifungu kinachosema hasara ni ya nani. Hapa kwetu Afrika Mashariki tumejaliwa mifano mitatu iliyo karibu karibu, na kila mmoja una mwenyewe tofauti.

Anza na Uganda. Barabara ya Kampala hadi Entebbe ina karibu kilomita 50, iligharimu dola milioni 476, na dola milioni 350 kati ya hizo ni mkopo wa benki ya Exim ya China. Ilifunguliwa mwaka 2018, lakini tozo zilianza Januari 2022, gari dogo likilipa Sh 5,000 za Uganda. Wanaosimamia vibanda ni kampuni ya Kifaransa, Egis, na ndiyo maana rafiki yangu mmoja wa Kampala anashikilia kwamba barabara imeuzwa kwa Wafaransa. Haijauzwa. Egis ni mkusanyaji anayelipwa kwa kazi yake. Deni la China linalipwa na hazina, pitia barabara mpya au pitia ya zamani isiyo na tozo. Mfugaji wa Karamoja ambaye hajawahi kuuona uwanja wa ndege wa Entebbe ana sehemu yake katika mkopo ule.

Hiyo ni barabara ya umma halisi, na ina faida yake: serikali kwa kawaida hukopa kwa riba nafuu kuliko kampuni. Ubaya wake ni kwamba mkopo unaandikwa wazi kwenye deni la taifa. Hapa ndipo utamu wa mwekezaji unapoanzia kwa mawaziri wa fedha wengi. Nchi ikishakaribia ukomo wa kukopa, barabara ya mwekezaji inajengwa bila deni kuonekana vitabuni. Lakini ikiwa ndani ya mkataba serikali imemdhamini mwekezaji kima cha chini cha mapato, deni lipo palepale. Limefichwa chini ya jamvi, litafufuka siku magari yatakapopungua.

Nairobi wakaenda njia ya pili. Expressway ya kilomita 27, kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilijengwa na kampuni ya China Road and Bridge Corporation, nayo kampuni yake tanzu, Moja Expressway, inakusanya tozo kwa miaka 27. Magari yalianza kupita Mei 2022. Kwa maelezo ya serikali ya Kenya, magari yasipokuja hasara ni ya mwekezaji. Vizuri. Ila hasara ya magari ni moja tu kati ya hasara kadhaa, na hapo ndipo watu wengi hufunga kitabu mapema.

Chukua kalamu. Gari dogo kutoka Mlolongo hadi Westlands lilianza kwa kulipa Sh 360. Januari 2024 likapandishwa hadi Sh 500. Barabara ilipofunguliwa, dola moja ilikuwa kama Sh 115 za Kenya. Bei ilipopanda ilikuwa karibu Sh 160. Zidisha 360 kwa 160, gawanya kwa 115: unapata karibu 501. Mwekezaji alikopa kwa dola, na shilingi ilipodondoka, aliyeubeba mzigo ni mwenye Vitz anayewahi kazini Upper Hill. Hasara ya magari kwa mwekezaji, hasara ya shilingi kwa dereva. Mkataba mmoja, wenye barabara wawili.

(Wakenya wa umri wangu watakumbuka kwamba tozo si jambo geni kwao. Vibanda vilikuwepo tangu miaka ya 1980, vikaondolewa, na badala yake ikaja tozo ndani ya bei ya mafuta. Kwenye barabara ya Thika kuna kituo ambacho makondakta wa matatu hadi leo wanakiita Toll, ingawa hakuna anayetozwa hapo. Tozo ya mafuta ilipanda kutoka Sh 18 hadi 25 kwa lita mwaka 2024. Anayelalamika kwamba analipa mara mbili hajakosea hesabu.)

Ya tatu ni ya kwetu Tanzania, nayo haizungumzwi inavyostahili. Daraja la Kigamboni, la mita 680 kutoka Kurasini, lilifunguliwa Aprili 2016. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ilitoa asilimia 60 ya fedha na serikali 40. Mwekezaji hapa si mgeni mwenye suti, ni makato ya mshahara wako. Wakazi wa Kigamboni walilalamika kwa miaka, na malalamiko yao yalikuwa ya haki: njia mbadala ni pantoni, ambayo nayo unalipia, au kuzunguka Kongowe. Mwaka 2022 tozo zikapunguzwa. Watu wa Kibada, huko Kigamboni, wakashangilia, nami nilifurahi, maana nina ndugu huko. Lakini fedha inarudi polepole zaidi, na anayesubiri ni fundi wa kiwanda Mwanza, mwanachama wa mfuko, ambaye huenda hajawahi kuvuka daraja lile. Katika ripoti zote za tozo nilizosoma, sijawahi kuona mtu huyu akiulizwa chochote. Kenya nao sasa wameingiza NSSF yao katika barabara ya Rironi hadi Mau Summit, iliyokabidhiwa kwa wawekezaji wapya mwaka 2025 baada ya mkataba wa Wafaransa wa mwaka 2020 kuvunjwa. Wanachama wa mfuko wao waanze mapema kuuliza.

Je, kuna mahali mwekezaji aliungua kweli, peke yake? Kuna. Mwaka 2006 jimbo la Indiana, Marekani, lilikodisha barabara yake ya tozo ya kilomita zaidi ya 250 kwa miaka 75 kwa kampuni ya Kihispania, Cintra, na ya Kiaustralia, Macquarie. Walilipa dola bilioni 3.8 taslimu. Ukaja mdororo wa uchumi, malori yakapungua, na mwaka 2014 kampuni iliyoendesha barabara ikafilisika. Jimbo halikurudisha hata senti. Barabara haikufungwa hata siku moja. Mwaka uliofuata mfuko wa Australia, IFM, ukainunua haki ileile kwa dola bilioni 5.7. Wanaopinga wawekezaji hawapendi kisa hiki, na wanaowatetea husahau kusema kwamba kiliwezekana kwa sababu jimbo halikuwa limetoa dhamana ya mapato.

California ilipata funzo jingine. Njia za kulipia katikati ya barabara kuu namba 91 zilifunguliwa mwaka 1995 na kampuni binafsi, na mkataba uliizuia serikali kupanua zile njia za bure zilizo pembeni. Foleni ikakua, watu wakapiga kelele, serikali ikakuta mikono yake imefungwa na saini yake yenyewe. Mwaka 2003 mamlaka ya usafiri ya kaunti ya Orange ilinunua njia hizo kwa dola milioni 207.5. Kumbuka kilichonunuliwa: lami ilikuwepo tayari. Walinunua ruhusa ya kupanua barabara yao wenyewe.

Ninawaza kifungu kile kila ninapopita Mlandizi. Kwetu mpango wa barabara ya haraka ya Kibaha, Chalinze hadi Morogoro umekuwa ukizungumzwa kwa miaka kama mradi wa ubia na sekta binafsi. Tangu Juni 2024 treni ya SGR, reli yetu mpya ya umeme, inabeba abiria Dar hadi Morogoro chini ya saa mbili. Treni ni ya umma. Mwekezaji mwenye akili atauliza: mkianza kushusha bei ya kusafirisha kontena kwa reli, mtanifidia? Akiandikiwa ndiyo, basi kila behewa tutakalolijaza mizigo litatugharimu mara mbili. Akiandikiwa hapana, atataka tozo kubwa zaidi kufidia wasiwasi wake, na hapo tunamrudia dereva wa lori.

Huyo nimeshakaa naye. Saa kumi alfajiri, Chalinze, chai ya rangi na chapati, semi limeelekea Tunduma. Nikamuuliza swali la fomu: ungelipa kiasi gani kuokoa saa moja hadi Moro? Safari hii trafiki hakuwepo. Akacheka. Akasema tajiri wake akimpa hela ya tozo ataipokea kwa mikono miwili, ataitia mfukoni, na atapita barabara ya zamani.

Nilimjaza kwenye fomu kama sifuri.