Ziara za shule kuwaona tai na bundi: kwa nini mtoto haruhusiwi kushika wala kuokota

Tangu shule zifunguliwe, wazazi kadhaa wa hapa Nairobi wamelalamika kwamba watoto wao walilipiwa ziara ya kuja kuwaona ndege wawindaji tunaowatibu, kisha wakakatazwa kuwashika. Ni kweli tuliwakataza, na tutaendelea kuwakataza.

Ndege hawa ni wagonjwa. Kuna waliopigwa na umeme kwenye nyaya, na kuna waliokula mzoga uliotiwa sumu na mfugaji aliyemkusudia simba. Kati ya aina 22 za ndege wawindaji zilizochunguzwa nchini Kenya kwa kipindi cha miaka 40 hivi, 19 zimepungua. Kila tunayemrudisha angani ana thamani. Mtoto akipiga kelele kando ya kizimba, kipanga hujirusha kwenye wavu na kuvunja manyoya ya mkia. Unyoya uliovunjika haujirekebishi wenyewe; hubaki hivyo hadi unyonyoke na kuota mwingine, na tunaweza kumngoja miezi mingi kwa ajili ya kelele za dakika moja.

Kwa hiyo mwalimu mkuu atuletee barua yenye muhuri siku 14 kabla ya ziara, ikitaja gredi, idadi ya wanafunzi na namba ya basi. Picha ya barua kwenye WhatsApp haihesabiki. Kila wanafunzi kumi wawe na mwalimu mmoja, na taa za kamera zizimwe kabla ya lango la pili.

Unyoya ulioanguka chini nao hauokotwi. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, unyoya ni nyara, yaani kiungo cha mnyamapori. Kupatikana na nyara bila kibali ni kosa lenye faini isiyopungua shilingi milioni moja, au kifungo kisichopungua miaka mitano, au vyote viwili. Hatuna nia ya kumshtaki mtoto, ila mifuko itakaguliwa langoni.

Na hili la bundi tumelieleza mara nyingi mno. Bundi akilia juu ya paa hajaleta msiba. Amefuata panya, na panya wamefuata taka zetu. Mzazi anayemzuia mwanawe kuja kwa hofu hiyo anamnyima somo bora kuliko yote tuliyo nayo. Bundi humeza panya mzima, kisha hutapika kidonge cha kijivu chenye manyoya na mifupa. Vidonge hivyo tunavipasha kwenye oveni kuua vijidudu, halafu kila mtoto anapewa kimoja na kijiti cha meno. Juzi msichana wa Gredi ya Nne alichokonoa chake taratibu akatoa fuvu zima dogo la panya, meno ya mbele bado ya rangi ya chungwa. Alilishika kwenye kiganja bila kupumua, akauliza kama anaweza kurudi Jumamosi na mama yake.

Anaweza. Mama naye aandike jina langoni.