Chombo Majini Wakati wa Baridi ya Kuganda: Yasemwayo na Yaliyo Kweli

Vijana wa Mombasa wanaosomea ubaharia huishia bandari za mbali, na baadhi yao hupewa kazi ya kutunza boti zinazolala majini katika nchi za barafu. Huko huenda na elimu ya kwetu, ambako hata Julai, kusi likivuma, bahari huwa na nyuzi 24 au 25. Elimu hiyo ni nzuri, ila haimjui adui huyu.

Neno la kwanza utakalolisikia barazani Mji wa Kale ni kwamba maji ya chumvi hayagandi. Yanaganda. Maji kama yetu, yenye gramu 35 za chumvi kwa kila kilo, huganda yakifika karibu nyuzi 2 chini ya sifuri. Kaskazini kabisa mwa Bahari ya Baltiki chumvi ni gramu 2 hadi 4 tu, na barafu hushika kila mwaka. Chumvi huchelewesha tu.

Wengi pia hudhani boti huvunjwa na barafu ya nje. Mara nyingi hasara huanzia ndani, kwenye maji yaliyosahauliwa. Maji yakiganda huvimba kwa asilimia 9 hivi. Muuza barafu za nailoni mtaani analijua hilo: mfuko ukijazwa pomoni hupasukia kwenye friza. Nailoni angalau hunyumbuka. Bloku ya injini ya chuma cha kusubu hainyumbuki.

"Nimeshapitisha dawa, injini iko salama." Hapa tuende polepole. Fundi hufunga valvu ya maji ya bahari, huchomoa hosi, huitia kwenye ndoo ya dawa ya kuzuia kuganda, kisha huwasha injini mpaka dawa itokee ekzosi. Lakini injini inayopozwa na maji ya bahari moja kwa moja huwa na thamostati, yaani kilango kinachofunguka kwa joto. Injini ikiwa baridi, thamostati haifunguki, dawa hupita pembeni, na bloku hubaki na maji yake. Dawa imeonekana ikitoka, mtu anaondoka ameridhika, na ufa unakuja kuonekana barafu ikishayeyuka. Ipashe moto kwanza, au fungua kizibo cha bloku uyamwage yote. Na dawa ya rejeta ya ethilini glikoli isitiwe kamwe kwenye mabomba ya maji ya kunywa. Ile ni sumu. Kwenye mabomba hayo hutumika propilini glikoli. Usiamini rangi ya dawa, soma lebo.

Mimi linalonitia hofu kuliko yote ni valvu zilizo chini ya maji. Watu husema ukishazifunga umemaliza kazi. Valvu ya tufe, ile inayofungwa kwa kuzungusha tufe lenye tundu, ikifungwa hubana maji kidogo ndani ya tufe lake, na maji hayo yakiganda hupasua mwili wa valvu. Boti haizami siku hiyo, kwa kuwa barafu yenyewe imeziba ufa. Huzama jua likirudi. Kwa hiyo baada ya kufunga, chomoa hosi uikaushe, na valvu ikiwa na kizibo kidogo cha kumwagia maji, kifungue.

Barafu ya nje nayo ina madhara yake, hasa kwa chombo cha mbao. Fundi wa kwetu anayeshindilia kalafati ya pamba kati ya mbao ataelewa upesi: barafu hushika ile pamba kwenye usawa wa maji, na maji yanapopanda na kushuka huing'oa. Ndiyo maana baadhi ya vyombo vya huko hupigiliwa ubao wa ziada pale pale.

Ipo mashine ya kupuliza mapovu chini ya boti, nayo hudhaniwa kuwa hupuliza hewa ya moto. Sivyo. Maji matamu huwa mazito zaidi yakiwa na nyuzi 4, kwa hiyo hayo ndiyo hukaa chini. Mapovu huyainua juu, na yakifika juu huyeyusha barafu. Kwenye bahari yenye chumvi kamili hakuna akiba hiyo ya joto chini, basi usiitegemee vile vile.

Betri iliyojaa chaji huvumilia baridi kali sana. Iliyoisha huganda kwa nyuzi chache tu chini ya sifuri. Nayo ndiyo inayoendesha pampu ya ngamani, kule chini kabisa ndani ya boti maji yanakokusanyika.

Mwisho ni theluji, ambayo watu huiona nyepesi kama pamba. Ikilowa huwa mzigo mzito. Huilemea boti mpaka matundu ya ubavuni, yaliyokuwa juu ya maji, yanazama, na bahari inaingia kupitia hosi ambazo hakuna aliyefikiria kuzifunga. Kwa hiyo koleo liwe gatini muda wote, na mtu apite kila theluji inapoanguka, aitoe sitahani kwanza, kisha ashuke kutazama ngama na kufua maji yaliyomo.