Viziwi kanisani: tunayodhani na yalivyo

Viziwi wanne walipokuja kanisani kwetu hapa Mwanza mara ya kwanza, hawakuwahi hata kukaa vizuri. Wazee wa maombi walishawazunguka, mmoja kaziba masikio ya kijana wa watu kwa viganja, kipaza sauti mdomoni, anapiga kelele, "Funguka!" Jumapili iliyofuata hakuja hata mmoja. Sisi tukasema mioyo yao ni migumu.

"Kwanza wafunguliwe masikio." Hii ndiyo dhana iliyozaa nyingine zote. Ukiziwi huletwa na homa ya uti wa mgongo, surua, masikio yanayotoa usaha bila kutibiwa, rubela kwa mama mjamzito, au dawa kama gentamaisini na kwinini zinapozidi kipimo. Wengine wameurithi tu. Pepo hayumo. Na mtu aliyekulia kwenye lugha ya alama hajioni kama redio iliyoharibika: ana wenzake, ana utani wake, ana umbea wake. Anayetutajia Marko 7 aisome polepole. Yule kiziwi alitolewa kwanza kando ya umati, Yesu akatia vidole masikioni mwake na kumgusa ulimi, ndipo likafuata neno. Mikono ilitangulia, tena faraghani. Sisi tulianza na spika.

"Ukiongea polepole atasoma midomo." Simama mbele ya kioo, bila sauti, useme baba, mama, papa. Umeona tofauti? Sasa tangaza kwamba mama mchungaji amelazwa, uone nani atapelekewa uji.

"Si wapewe Biblia wasome?" Kwa aliyezaliwa kiziwi, Kiswahili ni lugha ya pili, na ameipokea kwa macho tu. Lugha ya Alama ya Tanzania ina sarufi yake. Haifuati Kiswahili neno kwa neno. Shule nazo zilichelewa. Ya kwanza ya viziwi nchini ilianzishwa na Wakatoliki kule Tabora mwaka 1963, na kwa mtoto wa kisiwani Ukerewe, Tabora si jirani. Hata Biblia nzima ya kwanza katika lugha ya alama, ile ya Marekani, ilikamilika mwaka 2020 tu, baada ya kazi ya karibu miaka 40.

Maana lugha ya alama si moja dunia nzima, ingawa wengi wanaapa hivyo. Ziwa hili peke yake limezungukwa na tatu: yetu, ya Kenya na ya Uganda. Wenzetu wametutangulia kuziandika kwenye katiba, Uganda mwaka 1995, Kenya mwaka 2010. Video ya mahubiri tuliyoipakua kutoka Marekani kwa bando la kanisa iliwachekesha viziwi wetu tu.

Neno "bubu" liacheni mlangoni. Wengi wana sauti, na hilo neno linawauma. Semeni kiziwi.

"Tumepata mkalimani, kazi imekwisha." Hapa ndipo tulipokwama muda mrefu zaidi. Viziwi wale waliporudi, mkalimani wetu wa kwanza tulimsimamisha dirishani, upande wa ziwa, kwa kuwa panapendeza. Jua la asubuhi likawa mgongoni pake, na viziwi wakaona kivuli kinachopunga mikono. Tena alivaa kitenge cha maua makubwa, vidole vikapotelea humo. Nyimbo alikabidhiwa palepale, na akafanya kazi saa mbili mfululizo bila wa kumpokea. Nauli yake ilikuja kujadiliwa baadaye, nayo kwa shingo upande.

Lakini hata tuliporekebisha hayo yote, ibada ikiisha watu walimwagika chini ya mwembe kusalimiana, na viziwi wakabaki wanne vilevile, peke yao. Mtu alikuwa amekalimaniwa mahubiri mazima, halafu hakuna aliyemuuliza kaamkaje.

Kilichobadilisha mambo ni mama mmoja kiziwi anayeuza dagaa Mwaloni Kirumba. Kinamama wa kwaya walimwomba awafundishe. Somo la kwanza hakufundisha "Mungu" wala "Bwana asifiwe". Alifundisha bei, kilo, na "dagaa wana mchanga". Wakawa wanamfuata mezani kwake kila Alhamisi jioni, wanakosea, anawacheka mpaka anafuta machozi. Walijifunza kumgusa bega badala ya kumrushia karatasi, na kutazama uso wake badala ya vidole, maana nusu ya maneno yako usoni. Baada ya miezi alianza kuwapa majina ya alama. Hilo huwezi kujipa, hupewa na kiziwi. Mimi nimepewa la kusukuma miwani puani, na sikuwa najua kama nafanya hivyo.

Siku hizi yeye ndiye anayetoa matangazo ya kinamama. Anasimama mbele, taa imemulika mikono yake, na mkalimani amekaa benchi la kwanza na kipaza sauti, anatukalimania sisi.