Wastani wa Wagonjwa Hauwezi Kupanga Zamu

Kila mwaka, baridi ya Juni hadi Agosti inapokaribia nyanda za juu za Kenya, mimi mpanga zamu huitwa kwenye kikao cha kupanga wafanyakazi wa msimu wa mafua, na kila mwaka hujitokeza mkubwa mmoja mwenye hesabu ile ile: chukua wagonjwa wa nje wa mwaka jana, gawanya kwa siku, ongeza asilimia 10 kwa ajili ya mafua, kisha gawanya tena kwa idadi ambayo afisa mmoja wa kliniki anaweza kuhudumia. Safari hii hesabu hiyo ililetwa ikiwa imepambwa kwa grafu za rangi, na watu wakaitikia kwa vichwa. Kupanga zamu namna hiyo ni kama kuinunulia familia nzima viatu vya saizi moja baada ya kutafuta wastani wa miguu yao.

Tuanze na hiyo asilimia 10. Kituo chenye wastani wa wagonjwa 100 kwa siku, wanaofika kila mmoja kwa wakati wake bila mlipuko wowote, kitapokea zaidi ya 110 takriban siku moja kati ya saba kwa bahati tu. Nyongeza inayodaiwa kuwa ya mafua imekwisha kuliwa kabla mtu yeyote hajapiga chafya.

Linaloniudhi zaidi, hata hivyo, ni imani kwamba foleni hurefuka kwa kiwango kile kile ambacho wagonjwa huongezeka. Misingi ya hesabu za foleni iliwekwa na Mdenmarki A. K. Erlang tangu 1909, alipokuwa akichunguza simu zinazoingia kwenye mitambo, na jibu lake halijabadilika. Tuseme afisa mmoja wa kliniki hutumia wastani wa dakika 10 kwa mgonjwa, yaani uwezo wake ni wagonjwa 60 katika saa 10. Wakija 48, hesabu rahisi kabisa ya foleni inasema kila mmoja atasubiri kama dakika 40. Wakija 54, watasubiri dakika 90. Wakija 57, watasubiri dakika 190, ambazo ni zaidi ya saa tatu. Wagonjwa watatu tu wa ziada wamefanya kusubiri kuzidi maradufu, na bado afisa huyo, kwa mujibu wa karatasi ya utawala, ana nafasi ya wagonjwa watatu zaidi.

Ni kweli kwamba hesabu hii hudhani kuwa wagonjwa hufika bila mpango na kwamba foleni imepata muda wa kutulia, ilhali kwetu nusu ya watu huwa langoni kabla ya saa mbili asubuhi na siku ya kliniki huisha foleni ikiwa haijatulia. Kwa hiyo sizichukui dakika 190 kama utabiri. Ninachokitetea ni umbo la mkunjo: karibu na kikomo, ongezeko dogo huwa na gharama kubwa, na msimu wa mafua hutusukuma hasa kwenye eneo hilo.

Tatizo la pili ni rejesta yenyewe. Rejesta huandika waliohudumiwa, haiandiki waliougua. Aliyeona foleni akarudi nyumbani hayumo, na aliyekwenda duka la dawa hayumo. Atakayeitumia data ya 2017 ya hospitali za umma bila kuuliza chochote atadhani Wakenya walikuwa na afya njema ajabu, kwa kuwa madaktari waligoma siku 100 tangu Desemba 2016 hadi Machi 2017, kisha wauguzi wakagoma tangu Juni hadi Novemba. Mwaka 2020 nao uliharibiwa na Covid-19, kwani watu waliogopa hospitali na homa ya mafua yenyewe ilipungua duniani kote. Miaka hiyo ikiingizwa kwenye wastani, mpango huwa umejengwa juu ya hofu na migomo. Mimi huiondoa, ingawa nakiri kwamba baada ya kuiondoa hubaki na miaka michache mno kuweza kusema lolote kwa kujiamini kuhusu msimu.

Msimu wenyewe, hapa petu, si jambo la hakika kama Uingereza, ambako kilele huangukia miezi ya kipupwe chao. Kenya kirusi huzunguka mwaka mzima, na vilele huhama. Isitoshe, fomu za MOH 705, yaani muhtasari wa wagonjwa wa nje wa Wizara ya Afya, hukusanya mafua ya kawaida na homa ya mafua chini ya maambukizi ya njia ya juu ya hewa, na wagonjwa wengi hawapimwi kirusi. Mtaalamu wa ufuatiliaji wa magonjwa ana haki ya kulalamika. Mimi ninayepanga zamu sijali sana, kwa sababu foleni haiulizi jina la kirusi. Kinachonikera ni kwamba takwimu tunazozisoma kwa kawaida ni jumla za mwezi, wakati zamu hupangwa kwa siku, na Jumatatu hailingani na Alhamisi.

Wapo watakaonielekeza kwenye WISN ya Shirika la Afya Duniani. Ni zana nzuri, na naitumia, lakini hutumia mzigo wa kazi wa mwaka ili kueleza kituo kinahitaji nafasi ngapi za ajira. Haikuundwa kusema ni wiki gani muuguzi asipewe likizo. Pia huhesabu ugonjwa wa wafanyakazi kama siku zinazopotea kwa mwaka, ilhali wauguzi huambukizwa wiki ile ile wagonjwa wanapofurika. Pengo hilo sijui kulikadiria vizuri, kwa sababu daftari la zamu huonyesha nani hakuja na halionyeshi kwa nini.

Kuhusu programu za kutabiri, nitakuwa mfupi. Google Flu Trends, iliyokadiria mafua kutokana na yale watu waliyotafuta kwenye Google, ilianza 2008, ikakadiria mafua ya Marekani kupita kiasi katika wiki 100 kati ya 108 zilizochunguzwa kuanzia Agosti 2011, na ikafungwa 2015. Kwa data yetu, sitabiri zaidi ya wiki mbili mbele.

Ninachopendekeza ni zamu ya msingi inayotosha Jumatatu nane kati ya kumi, na vivyo hivyo kwa kila siku nyingine ya juma, pamoja na orodha ya akiba ya watu wanaojua mapema kwamba wanaweza kuitwa na kwamba watalipwa. Kizingiti cha kuwaita ni siku mbili mfululizo ambazo wagonjwa wa kikohozi na homa wamepita kiwango cha kawaida cha siku hizo za juma. Kwa nini mbili na si tatu? Tukisubiri ya tatu foleni huwa imekwisha kutushinda, na tukiita baada ya moja tutalipa watu kwa ajili ya bahati. Mhasibu bado anataka tatu.